Meli Iliyozama Mara Moja, Ikaua Mara Nyingi

Meli ikizama, kwa kawaida habari zake huishia hapo. Waliookoka hurudi kwao, waliokufa huombewa, na magazeti hugeukia mambo mengine. Lakini iko meli moja katika bahari ya Atlantiki, upande wa Marekani, ambayo imelala chini na bado imeendelea kuua. Katika ajali yake ya mwaka 1956 walikufa watu 51. Tangu hapo wamekufa wengine zaidi ya 15, na hao hawakuwa abiria wala mabaharia. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, waliojitosa majini kwa hiari yao kwenda kuitazama.

Meli hiyo ni Andrea Doria, iliyopewa jina la jemadari wa zamani wa merikebu za mji wa Genoa. Waitalia waliijenga baada ya vita kuu ya pili, nao waliionea fahari sana. Urefu wake ulikuwa meta 213, na ndani mlikuwa na sanamu, michoro, kanisa dogo na mabwawa matatu ya kuogelea. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956 ilikuwa inakaribia New York na watu 1,706. Ukungu ulitanda. Mbele yake ikaja meli ya Waswidi, Stockholm, ambayo omo yake, yaani sehemu ya mbele, iliimarishwa kwa ajili ya bahari zenye barafu. Kila moja iliiona nyingine katika rada yake, na hata hivyo ziligongana. Stockholm ilimpasua mwenzake ubavu wa kuume. Andrea Doria ikainama mno, hata mashua za upande wa kushoto zisiweze kushushwa. Meli nyingine zilikuja mbio kusaidia, hasa Ile de France ya Wafaransa, iliyogeuza njia usiku ule ule. Watu 1,660 wakaokolewa. Asubuhi yake, ilipopita kidogo saa nne, meli ikaenda chini.

Mahali hapo ni kama maili 50 kusini ya kisiwa cha Nantucket, na kina chake ni meta 75 hivi. Wewe uliye mbali na bahari, fikiri minazi mitatu mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwenzake, na maji yameifunika yote. Chini huko kuna giza, mkondo una nguvu, na baridi haiondoki hata wakati wa kiangazi cha kwao. Nyavu za wavuvi zimenasa katika vyuma, nazo humshika mtu kama zinavyoshika samaki.

Siku moja tu baada ya meli kuzama, kijana Mmarekani, Peter Gimbel, alishuka akaipiga picha. Alitumia chombo kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan: mtungi wa hewa mgongoni, na kifaa mdomoni kinachompa mtu pumzi kulingana na kina alichofika. Kabla ya hapo mpiga mbizi wa vilindini alivaa kofia ya shaba na kuvutiwa hewa kwa mpira mrefu kutoka juu. Kwa chombo hiki aliweza kuogelea huru kama samaki. Hapo ndipo wengi walipoanza kutamani kumfuata Gimbel.

Sasa sikiliza vizuri, maana siri ya vifo vile iko hapa. Maji ni mazito. Kila meta 10 unazoshuka, uzito wa maji juu yako huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote ya angani. Kwenye meta 75 mpiga mbizi hubanwa mara nane na zaidi kuliko sisi tulio juu, na hewa anayovuta hushindiliwa vivyo hivyo, la sivyo mapafu hayafunguki. Basi mtungi ambao juu ungemtosha mtu saa nzima, huko chini huisha kwa dakika saba. Tena hewa hiyo iliyoshindiliwa humlevya. Ile naitrojeni ambayo mimi na wewe tunaivuta kila siku bila kudhurika humpanda kichwani kama pombe: husahau njia, hucheka ovyo, huona hana haraka. Na amelewa akiwa ndani ya meli iliyolala ubavu, ambamo sakafu imekuwa ukuta na mlango umekuwa shimo.

Lakini kubwa zaidi ni kurudi juu. Tazama chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu. Ukiifungua ghafula, mapovu huchemka mpaka nje. Damu ya mpiga mbizi ni kama soda hiyo. Chini ameinywesha naitrojeni nyingi, na akipanda mbio mapovu hutokea ndani ya mishipa. Viungo huuma, miguu hupooza, na wengine hufa. Ugonjwa huu ulijulikana kabla ya michezo ya kupiga mbizi. Wajenzi wa daraja la Brooklyn huko New York, miaka ya 1870, walichimba chini ya mto ndani ya masanduku makubwa yaliyoshindiliwa hewa. Wengi waliumwa walipotoka, na injinia mkuu wao, Washington Roebling, alilemaa.

Dawa yake ilipatikana kwa mbuzi. Mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliwatia mbuzi katika chumba cha chuma kilichoshindiliwa hewa, kisha akaipunguza, mara haraka, mara polepole. Mbuzi aliyepatwa alionekana upesi kwa kuwa aliukunja mguu wa mbele asitake kuukanyagia. Mwaka 1908 Haldane na wenzake wakatangaza kanuni ya kupanda kwa vituo: panda kidogo, ngoja, panda tena, ngoja zaidi. Wanaokwenda Andrea Doria leo bado wanapanda kwa vituo.

Kwa hiyo mtu akikaa dakika 20 katika meli hiyo, humpasa kutumia zaidi ya saa moja njiani kurudi. Huishika kamba ya nanga, akitazama saa yake, huku baridi ikimwingia. Vituo vya mwisho ndivyo virefu. Anaona mashua yake juu ya kichwa, meta chache tu, wala hathubutu kuiendea. Fikiri basi huyu aliyenaswa na wavu au kupotea katika vyumba, akatoka hewa imekaribia kwisha. Akingoja atakosa pumzi. Akipanda mbio damu itachemka. Wengine wamepatikana na mauti wakiwa wamechagua moja ya hayo mawili, na wengine hawakutoka kabisa ndani ya meli.

Wanatafuta nini? Wengi hutafuta sahani na vikombe vya kauri vya meli ile. Mimi siijui sahani yenye thamani hiyo. Lakini tusiwacheke upesi. Hata kwetu wako warina asali wanaopanda usiku mti mrefu ambao mtu mwingine angeupita tu.

Tangu miaka ya 1990 wengi wamechanganya hewa yao na gesi ya heliamu, ambayo hailevyi, na vichwa vimekuwa vyepesi zaidi huko chini. Vifo havikukoma. Mwaka 1981 Gimbel mwenyewe, sasa mtu mzima, alirudi na kikosi kikubwa wakalitoa kasha la fedha la chuma. Lilifunguliwa mwaka 1984 mbele ya televisheni, watu wakitazamia vito. Zilitoka noti za Kimarekani na za Kiitaliano, zimelowa.

Na meli yenyewe inaoza. Ubavu uliokuwa juu umeporomoka, sitaha zimeteleza mchangani, na vyumba ambavyo wapiga mbizi wa kwanza walivijua kama nyumba zao vimebanana. Anayeshuka leo hukuta nyufa mpya mahali palipokuwa na ukuta, na vyuma vilivyolundikana mahali palipokuwa na njia ya kutokea.