Kiolezo cha Barua ya Utambulisho

Katika vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, Nkoaranga kikiwemo, kama kwingineko Tanzania, barua za utambulisho hutofautiana kwa jina la mwombaji, tarehe na Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu, ilhali anwani ya ofisi na maelezo mengi hubaki yaleyale. Kwa hiyo yafaa kuandaa kiolezo, yaani faili la mfano ambalo Microsoft Word hulihifadhi kwa kiambishi cha dotx, na ambalo kila likibofywa mara mbili huzaa waraka mpya bila lenyewe kuguswa. Panapobadilika huwekwa visanduku vya kujazwa, kimoja kikifungua kalenda, kingine orodha ya vitongoji. Anayefuta jina ndani ya barua ya jana, mazoea yaliyoenea mno, huweza kumtambulisha jirani kwa jina la mwingine. Sahihi na muhuri hubaki kazi ya mkono.