Usifute Oda, Iweke Stoo

Wajasiriamali wenzangu, mimi oda zangu naziandika Trello, kila oda na kadi yake. Mwezi uliopita nikafanya usafi, nikafuta kadi zote za mizigo iliyofika. Wiki haijaisha, mteja wa Mbeya ananiambia: "Dada, nimelipa elfu 85, viatu sijaviona." Risiti ya basi ilikuwa kwenye kadi. Nikarudisha hela, roho inaniuma.

Siku hizi oda ikiisha naiweka akaivu: inatoka ubaoni, lakini nikiitaka nairudisha. Ukifuta, ndiyo basi tena.

Kila Jumamosi natoa nakala ya ubao mzima. Ila nakala hiyo haibebi picha, ina viungo vyake tu, kwa hiyo risiti nazihifadhi pembeni.

Wewe risiti zako zipo wapi?