Mkoba Wako Una Nini, Mama?

Jumapili moja baada ya ibada, chai ya moto ilimmwagikia mtoto mkononi. Mama mmoja alikimbilia dawa ya meno, mwingine yai. Nikawazuia: vitu hivyo huweza kuingiza vijidudu kwenye kidonda. Tuliuweka mkono chini ya maji ya bomba kwa dakika 20, bila kupasua lengelenge lolote. Ndipo nikafungua mkoba wangu nitafute kitambaa safi cha kuufunika. Biblia na kitana, basi. Muuguzi mzima! Niliona haya. Tuliazima kanga iliyofuliwa, tukampeleka zahanati.

Tangu siku ile nabeba kifuko chenye bandeji, plasta, mkasi, glavu na kipande cha sabuni. Mama mpendwa, leo jioni fungua mkoba wako uangalie.