Pilipili za Mji wa Kale na Bustani Isimamayo Wima

Mtu ashikaye njia ya Ndia Kuu, akaingia vichochoro vya Kibokoni, hatakosa kutambua ya kuwa Mji wa Kale wa Mombasa ulijengwa na watu waliothamini kivuli na faragha kuliko uwanja: kuta za matumbawe na chokaa zimekaribiana mno, na ardhi iliyosalia baina yake haitoshi hata tuta moja la mchicha. Hata hivyo mimea haikukosekana humo. Bibi zetu waliotesha mrehani katika makopo ya samli, na asumini wakaipandisha uani, ili yapatikane maua ya vikuba na ya kutia nyweleni. Basi anayetaka leo kuotesha pilipili nyumbani, kwa kupanga vyombo juu kwa juu, hazui jambo geni. Anaongeza kiungo cha jikoni katika desturi iliyokuwa ya manukato.

Nasema pilipili, wala sisemi nyanya au sukuma wiki, kwa kuwa mboga hizo hutaka wingi ndipo zifae, ilhali pilipili hukidhi haja kwa uchache wake. Nyumba ya watu sita, wenye kula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, na achari ya embe kando ya wali, aghalabu hutoshelezwa na miche miwili ya pilipili mbuzi na mmoja wa pilipili kichaa. Ile hoho kubwa isiyowasha sikushauri uanze nayo. Ina uroho wa udongo, na usiku wenye joto wa mwezi wa Machi huangusha maua yake kabla hayajashika. Pamoja na kuzoeleka kwake hata ukadhaniwa wetu, mmea huu asili yake ni Amerika, na wanahistoria wengi huafikiana kwamba uliletwa pande hizi na merikebu za Wareno, baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno hao walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Walituachia Ngome na pilipili, na katika hivyo viwili ni pilipili iliyopata kuingia majumbani.

La kwanza la kupeleleza ni jua, maana pilipili hutaka jua la saa sita hivi kwa siku, na uchochoro hupata lile la utosini tu, kisha kivuli. Ndiyo sababu bustani yetu sharti ipande juu: roshani ya ghorofani, ukuta wa ua, au sakafu ya paa. Tena jua la Mombasa huhama. Kisiwa kipo kiasi cha digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo Juni na Julai, kusi ivumapo, jua huelemea kaskazini na ukuta utazamao kusini hukaa kivulini. Disemba na Januari, wakati wa kaskazi, mambo hugeuka. Ukuta utazamao mashariki haudhuriki sana na mzunguko huo, nao husalimika na jua kali la alasiri. Mwenye hiari na auchague huo.

Kwa mintarafu ya kuta, nina neno la ukali kidogo. Chokaa hunywa maji, na ukuta wa matumbawe unyweshwao kila siku huchomoza chumvi, ukamomonyoka lipu, hatimaye vichwa vya boriti vikaoza ndani kwa ndani pasipo mwenye nyumba kujua. Fauka ya hayo, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na nyuso za nyumba zake hazigeuzwi bila idhini. Usipigilie makopo ukutani. Tengeneza kichanja cha mbao chenye ngazi tatu au nne, kisimame chenyewe shubiri mbili mbele ya ukuta, kisha upange juu yake ndoo za rangi zilizooshwa vizuri au madebe ya mafuta ya kupikia, kila kimoja kimetobolewa chini. Mche mmoja upewe lita 10 za udongo. Zile chupa za soda zilizoning'inizwa, zipendezazo katika picha, hufaa kukuzia miche michanga tu. Ikifika adhuhuri ya kaskazi zimekwisha kukauka.

Ipo pia bustani ya gunia, iliyoenea sana Kibera huko Nairobi, ambayo katikati yake hutiwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke hadi chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia. Matundu hayo ni ya sukuma wiki na spinachi. Pilipili iwekwe kileleni peke yake. Lakini gunia kubwa lililojaa udongo uliolowa hupita kilo 100 kwa urahisi, na dari zetu zimelazwa boriti za mikoko za zamani. Likiwekwa ghorofani liwe karibu na ukuta, wala lisiwe katikati ya chumba.

Udongo wa kisiwani una chokaa nyingi, na pilipili iliyopandwa ndani yake hugeuka majani kuwa manjano huku mishipa yake ikisalia ya kijani, kwa kuwa chuma kilichomo udongoni haikipati. Chukua udongo mwekundu wa bara, sehemu mbili, samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, sehemu moja, na nyuzi za makumbi sehemu moja. Makumbi hayo yaloweke na kuyakamua mara kadhaa kwa maji matamu, maana yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yamejaa chumvi.

Na chumvi, kwa hakika, ndiyo adui mkubwa, kuliko wadudu na kuliko jua. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Ya bomba, yatokayo mbali kama chemchemi za Mzima, hukatika mara kwa mara. Na ya mkokoteni hununuliwa kwa mtungi. Mtu hushawishika kunyweshea ya kisimani, naye huona mche ukistawi majuma ya mwanzo, kisha ncha za majani zaungua na ukungu mweupe mgumu watanda ukingoni mwa debe. Dawa ni mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita 1 kamili, kwa hiyo paa la mita za mraba 40 likipata milimita 25 za masika hutoa lita 1,000, ambazo kwa miche michache ni akiba ya miezi. Maji ya kuoshea mchele nayo yasimwagwe. Asiye na budi ya kutumia ya kisimani ayachanganye na matamu, na kila juma amwage matamu mengi mpaka yachuruzike chini, yaondoke na chumvi iliyolimbikizana. Mchuruziko huo huangukia ngazi ya chini ya kichanja; hapo panda spinachi, kwani yeye huistahimili chumvi.

Mbegu huota kwa siku 7 hadi 14 au zaidi kidogo, mche huhamishwa ukifika kimo cha shubiri, na matunda huanza miezi miwili au mitatu baadaye, mbuzi akichelewa kuliko wenziwe. Vidukari na inzi weupe huondoshwa kwa maji ya sabuni au ya mbegu za mwarobaini zilizopondwa na kulala majini usiku kucha. Mzee atokaye barazani na tambuu yenye tumbaku, au mvuta sigara, anawe kwanza ndipo aguse mche: tumbaku na pilipili ni jamaa moja, na upo ugonjwa wa mabaka ya majani uhamao kwa mikono.

Ukali wa pilipili umo zaidi katika ule utando mweupe ushikao mbegu. Ndege hawausikii, nao hula pilipili kichaa kwa raha zao. Aliyewashwa vidoleni apake mafuta ya nazi kisha aoshe kwa sabuni, maana kiwashacho huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mbegu za mwaka ujao zitolewe katika tunda lililoiva vyema. Lakini mbuzi na kichaa zikichanua kichanja kimoja huenda nyuki wakazichanganya, basi tawi moja lifunikwe kipande cha chandarua kabla maua hayajafunguka, na litikiswe taratibu kila asubuhi hadi matunda yashike.