Mama Mjamzito Ahudumiwe Yote Siku Moja



Mwanamke kibarua wa shambani hulipwa kwa kazi ya siku ile. Akienda kliniki, ujira wa siku umepotea. Akiambiwa arudi Jumatano kupimwa damu, na Ijumaa kufuata dawa, siku tatu zimekwenda. Mara nyingi hatarudi. Huo si uzembe, bali watoto nyumbani wanataka kula.

Kwa hiyo kuunganisha huduma za afya si jambo la madaktari peke yao. Maana yake ni kwamba mama akienda kupimwa mimba, siku ile ile na mahali pale pale apimwe pia damu, kaswende na VVU, apewe vidonge vya kuongeza damu, kinga ya malaria, chandarua, na sindano ya pepopunda.

Tutazame Malawi. Zamani mama mwenye VVU alisubiri kwanza kipimo cha kinga ya mwili, na mashine zake zilikuwa chache. Mwaka 2011 serikali iliamua kila mjamzito na anayenyonyesha mwenye VVU aanze dawa mara moja, kwa maisha yake yote, na dawa zitolewe katika kliniki ya wajawazito. Katika robo ya pili ya 2011 akina mama walioanza dawa walikuwa 1,257. Katika robo ya tatu ya 2012 walikuwa 10,663. Uganda nayo ilifuata utaratibu huo mwaka 2012.

Lakini tusifiche upande wa pili. Huko Malawi, baada ya miezi sita, asilimia 17 ya walioanza dawa kwa utaratibu huo hawakuonekana tena kliniki. Mama anahitaji kuelezwa kwa utulivu, na muuguzi aliyeongezewa kazi bila kuongezewa wenzake hana nafasi hiyo. Muuguzi naye ni mfanyakazi.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara nane au zaidi. Pendekezo Namba 191 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2000, linataka aruhusiwe kutoka kazini kwenda kupimwa. Ruhusa bila ujira haitoshi.

Basi kila tawi, likienda kujadili mkataba na mwajiri, lidai mambo matatu: siku ya kliniki ilipwe, zahanati ya shamba itoe huduma zote kwa pamoja, na wauguzi waongezwe.

Umoja ni nguvu!