Saratani ya Mapafu ya Kondoo: Kwa Nini Haina Chanjo

Wafugaji wa Choma, Wilaya ya Igunga, wanafahamu faida ya kinga. Kondoo aliyechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo hukaa salama kwa miaka, kwa kuwa mwili wake umekwisha kumtambua adui. Lakini upo ugonjwa wa mapafu ambao kondoo hujengi kinga ya namna hiyo.

Ugonjwa huo huitwa jaagsiekte, jina la Kikaburu linalotokana na kukimbizwa, kwani mnyama huhema kama aliyefukuzwa. Nchini Kenya ulichunguzwa tangu miaka ya 1950. Huletwa na virusi viingiavyo kwa hewa au kwa maziwa ya mama, na kugeuza chembe hai za mapafu kuwa saratani.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tangu kale virusi vya ukoo huo viliingia katika urithi wa kondoo, na nakala zake zipatazo 27 hupokewa na kila kizazi. Mwana-kondoo akiwa bado tumboni, askari wa mwili wake hufunzwa kutoshambulia kilicho chao. Basi virusi vya nje vinapoingia, askari hao huvidhani ndugu na kuvipisha. Kwa sababu hiyo kupima kinga katika damu hakumfichui mgonjwa, na hadi leo haijapatikana chanjo wala dawa. Mwanachama asikubali kuuziwa.

Dalili huonekana zaidi kwa kondoo wa miaka 2 hadi 4: hukonda ilhali anakula, huhema kwa shida, na akiinuliwa miguu ya nyuma huweza kutoka maji ya povu puani. Sotoka, kinyume chake, huja ghafla kwa homa kali, vidonda vya kinywa na kuhara.

Mwenye kuona dalili hizo amtenge mnyama na kumwita afisa mifugo, wala asimpeleke mnadani. Watoto wa jike mgonjwa wasiwekwe kuwa mbegu.

Nchi ya Iceland iliuingiza ugonjwa huu mwaka 1933 kwa kununua kondoo wa mbegu kutoka Ujerumani. Ililazimika kuchinja makundi mazima, na mwaka 1952 ndipo ulipotokomezwa. Kosa la mnunuzi mmoja hulipwa na wote. Makatibu wawakumbushe wanachama kuuliza asili ya kila kondoo kabla hajaingia zizini.