Ukuta Unaokunywa Maji

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta nyingi zinaumwa mahali pamoja: kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Lipu imevimba, rangi inabanduka, na unga mweupe unatoka. Mvua ndiyo hulaumiwa kwanza, ilhali maji mengi hapo hutoka ardhini.

Kuta hizo nene zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Jiwe hilo, sawa na tofali la kuchoma, limejaa vitundu vilivyoungana. Maji hunata kwenye vitundu hivyo na kujivuta juu, kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kitundu kikiwa chembamba zaidi, maji hupanda zaidi: chenye kipenyo cha milimita 0.02 kinaweza kuyapandisha takriban mita 1.5. Kwa hesabu hiyo, vitundu vyembamba kuliko hivyo vingeyafikisha darini, lakini njiani maji hugeuka mvuke na kutokea usoni mwa ukuta.

Fundi mzoefu anaijua kiu hiyo. Hulowesha tofali kabla ya kulijenga, la sivyo litanyonya maji ya udongo wa saruji kabla haujashika.

Tatizo kubwa ni chumvi. Maji yanapoondoka, chumvi hubaki, fuwele zake zikakua ndani ya vitundu na kulimeng'enya jiwe. Tena chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75, hali isiyo ngeni Unguja. Ndiyo maana ukuta hutota hata siku zisizo na mvua.

Hapo watu hukimbilia saruji, na ndipo mambo huharibika. Lipu ya saruji ni nzito, huziba njia ya mvuke. Maji ya ardhini hayakomi. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ya mvua yaliyopenya kwenye nyufa nayo hunaswa ndani, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyofukiwa ukutani huoza bila mtu kujua.

Tiba yenyewe haina mbwembwe: kurekebisha mifereji, kubambua saruji, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu ya chokaa. Kwenye nyumba mpya, plastiki nzito au lami hutandazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupanga matofali. Kwa ile kongwe, makadirio ya wajenzi ni mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa nusu mita, basi, unadai miezi 20.